Kidole cha Sita cha Dobi

Nyumbani kwa Mzee Taratibu kuna sheria moja ambayo hata mjukuu wa miaka mitatu anaijua: chai hainywewi sebuleni. Ukitaka chai, kibarazani. Ukitaka juisi, kibarazani. Maji yanaruhusiwa, lakini yawe kwenye kikombe chenye mfuniko, na mwenye nyumba atakukodolea macho mpaka umeze.

Taratibu si jina la kuzaliwa. Alipachikwa na watu wa nyumbani, kwa kuwa ndilo neno linalomtoka kila mara mtu anapoinua mkono karibu na ukuta wa sebule. "Taratibu! Taratibu jamani!" Siku hizi hata wajukuu wakikimbizana huko nje, yeye yuko ndani anasema taratibu, mazoea tu.

Kwenye ukuta huo kuna fremu tatu, na ndani ya kila fremu kuna ukurasa wa katuni. Si wa kukata gazetini. Ni ule wenyewe uliochorwa kwa mkono, mpana kuliko gazeti lililofunuliwa nusu, wenye wino mweusi na madoa ya rangi nyeupe pale mchoraji alipokosea akafunika. Ukisogea utaiona na penseli ya bluu iliyotangulia wino. Kioo hakigusi karatasi. Ameweka vipande vyembamba vya kadibodi pembeni ili karatasi ipumue. Na ukuta ameuchagua kwa akili: haupigwi na jua la dirishani, wala nyuma yake hakuna jiko wala bafu.

Kurasa nyingine mia moja na ushee ziko chumbani, chini ya kitanda, zimelala kwenye droo bapa za plaiwudi alizozipiga misumari mwenyewe. Kila kona ya droo ina kile kipakiti kidogo cha kufyonza unyevu kinachokuja ndani ya boksi la viatu. Muuza viatu wa mtaani keshamzoea.

"Mzee, leo viatu au vipakiti?"

"Vipakiti."

"Siku utakayonunua viatu nitafunga duka nikapumzike, maana nitakuwa nimeona yote."

Zile tatu za ukutani hukaa miezi mitatu, halafu hushushwa, nyingine zinapanda, kwa sababu mwanga unakula wino kimyakimya. Nyumbani wanaita zamu. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake una makali kama mkasi wake, husema, "Karatasi zina likizo nyumba hii. Mimi miaka thelathini na nane ya ndoa, nani kanipumzisha miezi mitatu?"

Kurasa hizo alizipata kazini. Ujanani alikuwa mpiga picha wa kiwanda cha uchapaji, si wa kupiga watu picha, bali wa kupiga picha kurasa ili zitengenezewe bamba la mashine. Kila wiki ilikuja katuni ya Dobi Sahau, dobi anayefua vizuri sana lakini kila nguo anampelekea asiye mwenyewe. Ukurasa ukishapigwa picha ulitupwa kwenye boksi, na hakuna aliyekuja kuuchukua. Kiwanda kilipohama, maboksi yakatolewa nje pamoja na takataka. Akamwomba msimamizi. Msimamizi akamwambia, "Beba, utatupunguzia kazi." Akabeba, safari nne kwa baiskeli.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kitu. Mpaka juzi juzi binti yake alipopiga picha ukuta kwa simu akairusha kwenye kundi la ukoo. Picha ikatoka kwa shangazi ikaenda kwa jirani wa shangazi, ikazunguka weee, na Jumatano simu ikaita. Sauti ya mzee, nzito, yenye kikohozi.

"Mimi ndiye niliyekuwa namchora Dobi Sahau. Nimeona picha ya ukuta wako, unazo kurasa zangu. Naomba nije Jumamosi nizione kurasa zangu."

Mzee Taratibu akasema karibu sana. Kisha akakata simu, akakaa chini.

"Kasema *zangu*," akamwambia mkewe. "Mara mbili."

"Sasa ulitaka asemeje? Si yeye aliyechora?"

"Mimi nilipewa na msimamizi. Lakini msimamizi hakuchora hata mstari mmoja. Huyu bwana akisema nataka mali yangu, nitamjibu nini?"

Ijumaa alizitoa kurasa kumi anazozipenda kuliko zote, akazitazama, akaanza kuzisogeza nyuma ya kabati. Mkewe alimkuta amepiga magoti huko, makalio tu ndiyo yanaonekana.

"Baba watoto. Unamficha mtu mtoto wake?"

Alizirudisha moja moja kwenye droo, taratibu, na usiku ule aliota anapanda baiskeli isiyo na kitu nyuma.

Jumamosi saa nne, hodi. Mchoraji alikuwa mrefu, mwembamba, fimbo mkono mmoja na mfuko wa kitambaa mkono wa pili. Mzee Taratibu macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye ule mfuko. Mkubwa. Wa kubebea.

Mgeni hakukaa. Alikwenda ukutani akasimama mbele ya fremu ya katikati, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huyu hapa," mchoraji akasema hatimaye. "Huyu mjinga. Shemeji, hebu njoo uhesabu vidole vya mkono unaoshika suruali."

Mke wa mwenye nyumba akavaa miwani. "Kimoja, viwili... Sita! Dobi ana vidole sita!"

"Sita! Nilichora naharakisha. Tangu siku ile watu wananiita Bwana Sita. Hata kwenye harusi yangu mshenga alisema bwana harusi atavalishwa pete kidole cha sita." Akafungua mfuko. Akatoa brashi, chupa ya wino na chupa ya rangi nyeupe. "Sikuja kuchukua kitu, ndugu yangu. Nimekuja kukikata hiki kidole. Dakika tano tu."

Mzigo ukamtoka Mzee Taratibu mabegani, na papo hapo mwingine ukampanda. Akajikuta amesimama kati ya mgeni na ukuta, mikono ameitandaza kama kipa.

"Hapana."

"Hapana? Ni kazi yangu!"

"Ni kazi yako, sikatai. Lakini kidole hicho ndicho kilichonifanya niziokote. Nilikiona kwenye kamera, kikubwa namna hii, nikacheka peke yangu gizani mpaka msimamizi akadhani nimevuta dawa za kusafishia picha. Nikasema huyu mtu anakosea kama sisi. Ukikifuta, mzee mwenzangu, umenifuta na mimi."

"Nife na vidole sita?"

"Basi ishi navyo!"

Wazee wawili wakatazamana, mmoja na brashi, mwingine na mikono hewani. Fundi cherehani akawaangalia, akavua miwani.

"Nyie," akasema. "Baba watoto, si wewe uliyenisimulia mara mia na moja kwamba kiwandani mkitaka kusahihisha hamgusi mchoro? Mnabandika karatasi nyepesi juu yake, ile inayoonyesha, mnachora pale?"

Mchoraji akaishusha brashi.

"Karatasi ya juu," mchoraji akasema polepole.

"Karatasi ya juu," Mzee Taratibu akasema. Akamgeukia mkewe kwa mshangao. "Kumbe ulikuwa unasikiliza?"

"Nina masikio, sina kazi nyingine." Akaenda kwenye cherehani yake, akarudi na kipande cha karatasi nyepesi anayochorea mitindo ya nguo.

Wakaifungua fremu mezani, mikono imeoshwa na kukaushwa. Karatasi ikashikizwa kwa juu tu, kwa gundi ya unga inayotoka kwa maji, kwa kuwa selotepu katika nyumba ile haitajwi. Mchoraji akapaka weupe akachora mkono mpya wenye vidole vitano. Ukiishusha karatasi, dobi ni mzima. Ukiiinua, kidole cha sita hichoo.

"Wageni wangu nitawaonyesha yote mawili," akasema Mzee Taratibu.

"Waonyeshe, lakini uanze na vitano." Mchoraji akafunga chupa zake, akatazama droo zilizokuwa wazi kule chumbani, na vile vipakiti kwenye kona. Akakohoa. "Nyumbani kwangu yapo maboksi mawili, kazi za baada ya Dobi. Panya wameanza kuyasoma. Hapa kwako... nafasi ipo?"

Mzee Taratibu hakuthubutu kumtazama mkewe. Ila alimsikia.

"Kitanda cha wageni nacho kina uvungu," mkewe akasema. "Sasa shemeji, chai?"

"Ningeshukuru," akasema mchoraji, akataka kukaa kwenye kochi.

"Kibarazani!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Jumatatu asubuhi Mzee Taratibu alikuwa wa kwanza dukani. Vipakiti vilikuwa vimekwisha, vimebaki vile vilivyo ndani ya maboksi yenye viatu. Akafikiri kidogo, akanunua jozi tatu, moja yake, moja ya mkewe, moja ya mchoraji, saizi ya kukisia. Muuza viatu akazipokea hela, akamtazama, akaenda kushusha mlango wa duka.

"Taratibu na huo mlango," Mzee akamwambia.