Bosi alinunua kompyuta zenye spidi ya ajabu, foleni ya wagonjwa ikazidi kurefuka

Wakuu, heshima kwenu. Nawasalimia kutoka Itigi. Haya nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika bado tunakula ugali meza moja.

Mimi nakaa mapokezi kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi. Ukija unaumwa, sura ya kwanza kuiona ni yangu. Poleni.

Tulikuwa na kompyuta za zamani, nzito kama gunia la alizeti. Ukibonyeza jina la mgonjwa unapata muda wa kumsalimia, kuulizia mvua ya kwao na hali ya mifugo, ndipo taarifa zake zinafunguka.

Lakini kila kitu kilikuwa mahali pake. Kitufe cha kutuma ni cha kijani, chini kulia, kimeandikwa TUMA, kurasa zote. Sista Eliza, nesi wetu mkubwa, alikuwa anakibonyeza huku anaongea na mtu mlangoni.

Bosi, daktari mwenye kituo, akaona hiyo ni aibu.

"Hivi tunaishi karne gani?" akatuuliza. Bosi akiuliza hivyo huwa hahitaji jibu.

Mashine mpya zikashuka. Diski za SSD, memori ya RAM ya kurushia roketi, na processor ambayo bosi alilitaja jina lake kwa heshima kuliko anavyomtaja mkwe wake. Zikaja na system mpya, kazi ya Mtaalamu, ndugu yake wa Dodoma.

Spidi ilikuwepo, nisiwe mnafiki. Unagusa tu, ukurasa umeshafunguka. Kulikuwa na tatizo dogo tu: hujui umefungua nini.

Ukurasa wangu wa mapokezi ni Kiswahili, kitufe cha kutuma kijani, chini kulia. Wa daktari ni Kiingereza, kitufe cha bluu, juu kushoto. Wa wodi hauna maneno kabisa, ni vipicha. Kuna wingu, kuna mistari mitatu, kuna kinyumba.

Sista Eliza akakiona kinyumba, akaelewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa: mgonjwa ameruhusiwa, aende nyumbani.

Kumbe kinakurudisha mwanzo wa system bila kuhifadhi chochote. Kwa hiyo kuna mzee wa kijiji cha Mkiwa alikuwa ameshapona, yuko shambani kwake anapalilia, huku teknolojia yetu ya kisasa inasema bado kalazwa kitanda cha dirishani.

Foleni ikarefuka, tukalalamika. Bosi akatusikiliza kwa makini sana, kisha akaongeza RAM.

Tulicheka, wakuu. Mpaka siku aliyokuja Mama Sifa.

Alifika asubuhi kwa bodaboda kutoka vijiji vya ndani, kambeba binti yake mgongoni, mtoto anaungua kwa homa. Nikamwandikisha. Sista Eliza akamgusa mtoto, akasema maabara haraka. Jumanne wa maabara akapima, akakuta malaria, tena wadudu wengi. Akaandika majibu, akabonyeza kitufe cha kijani chini kulia, kama mkono wake ulivyozoea.

Kwenye ukurasa wa maabara, kitufe cha kijani chini kulia ni ANZA UPYA.

Majibu yakafutika, kwa spidi safi kabisa. Hakuna onyo, hakuna kuulizwa una uhakika. Ukurasa ukawa mweupe, Jumanne akajua yamekwenda, akaita mgonjwa mwingine.

Kwa bosi, ambaye ndiye daktari wetu, ikasomeka kuwa maabara bado. Akaendelea na wengine.

Mama Sifa akaja kwangu. "Kaka, bado tu?"

Nikaangalia screen. "Majibu hayajatoka dada, vumilia kidogo." Mashine imesema, mimi ni nani nibishe?

Akarudi tena. "Kaka, mwanangu anageuza macho."

Nikainuka. Kabla sijaizunguka meza, mtoto akaanza degedege.

Utani ukaishia hapo. Sista Eliza alitoka wodini mbio, akamlaza mtoto kwa ubavu. Bosi naye akatoka: "Majibu yake yako wapi?"

Jumanne akatokea na glavu zake mkononi. "Daktari, nilishatuma! Malaria, wadudu wengi!"

"Kwangu hamna kitu!"

Wakamkimbiza mtoto ndani kumchoma sindano. Mimi nikabaki na mama yake benchi. Analia, ananishika mkono. Nimwambie processor ni toleo jipya?

Jua lilikuwa limeshapanda sana Sista Eliza alipotoka. "Mama Sifa, njoo. Mwanao anaomba maji."

Yule mama alikaa chini sakafuni akalia upya.

Jioni bosi alimjia juu Jumanne, eti mzembe, system haielewi. Jumanne akasogeza kiti. "Daktari, kaa wewe, jaza majibu ya mgonjwa huyu anayefuata."

Bosi akakaa. Akajaza vizuri. Akabonyeza kijani. Ukurasa ukawa mweupe.

Siku hiyo RAM haikutajwa.

Mtaalamu akaitwa. Nimpe haki yake, hakubisha. Alishinda kwenye benchi la wagonjwa akituangalia tunavyohangaika, mwisho akasema, "Nilitengeneza ukurasa mmoja mmoja. Sikuwahi kufikiria kuna mtu atazipitia zote."

Akabadilisha. Lugha moja, kijani ni kutuma kila mahali, kufuta lazima uulizwe kwanza, na vipicha vikawekewa maneno.

Umeme ukakatika, uliporudi ukaondoka na mashine yangu mpya. Nikarudishiwa ile ya zamani, ikawekewa system iliyorekebishwa.

Mama Sifa alipomrudisha binti kuangaliwa, alihudumiwa chapuchapu. Akaniuliza, "Siku hizi mmekuwa wepesi, mmenunua mashine mpya?"

"Hapana dada. Hii ndiyo ya zamani."

Nilichojifunza: mashine ikiwa nzito, utasubiri. Ikikuchanganya, utakosea, na ikiwa na spidi utakosea kabla hujastuka.

Mliokutana na system za namna hii maofisini kwenu, shusheni visa vyenu hapa tusome. Na wale wa kusema tatizo ni uelewa mdogo wa watumiaji, karibuni pia. Bosi naye alisema hivyohivyo, kabla hajakaa kwenye kile kiti.