Pumzi ya Bubu

Shangazi yangu alipuliza hewa ndani ya mashine iliyokuwa ikiwasha taa za chumba cha upasuaji, na mashine ikafa. Naanzia hapo kwa sababu yeye mwenyewe huanzia hapo. Ukimsifia kabla ya kulitaja kosa lake, anakukatiza.

Kabla ya kuajiriwa hospitali alikuwa fundi wa rejeta, mwanamke pekee katika safu nzima ya gereji. Walimwita Mama Chuma, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa woga kidogo. Mteja akiuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" alijibu, "Katoka, kaniachia mikono yake," akaendelea kulehemu. Na kila rejeta iliyopita kwake ilipulizwa kwanza kwa kompresa. Ipulize, uone inapovuja, ndipo ushike kifaa kingine. Ndivyo alivyofunzwa, ndivyo mikono yake ilivyozoea.

Hospitali ilimchukua atunze mashine tuliyoiita Bubu. Umeme wa paneli za jua zilizo juu ya paa ulipasua maji na kutoa hidrojeni, lakini gesi hiyo ilitoka dhaifu, haina nguvu ya kushindilia mitungi. Nguvu ilitoka kwa Bubu. Ndani yake mna mabomba yaliyojaa unga wa metali, na nje ya mabomba hupita maji, kama kwenye rejeta. Maji yakiwa baridi, unga hunywa hidrojeni kama udongo mkavu unavyokunywa mvua. Maji yakiwa moto, unga huitema kwa msukumo mkubwa kuliko ulioipokea. Hakuna pistoni, hakuna mkanda, hakuna mlio. Umeme wa mjini ukikatika, gesi iliyoshindiliwa mitungini ndiyo iliyogeuzwa tena umeme na kuwasha taa.

Mimi nilizaliwa hospitali hiyohiyo, enzi za jenereta. Ilizimika mama yangu akiwa mezani, na daktari alimshona kwa mwanga wa tochi ambayo muuguzi aliing'ata kwa meno. Shangazi alikuwa nje ya mlango. "Niliisikia ikikohoa, ikanyamaza," husema. "Tangu siku ile siamini kitu kinachojitangaza kwa kelele."

Basi siku moja valvu ya Bubu ilikwama. Shangazi akaifungua, mkono ukaenda kwenye mpira wa kompresa kabla kichwa hakijauliza. Hewa na unyevu wake vikauvamia unga. Bomba likapata moto mpaka rangi ikababuka, na tangu hapo Bubu akakataa kunywa.

Shangazi hakungoja kuitwa. Alikwenda ofisini kwa mganga mkuu. "Daktari, nimemuua Bubu. Na nitamfufua."

Mganga mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Mama, waliomleta wameondoka, simu hawapokei. Jumatatu lori la chuma chakavu linakuja. Jenereta itawekwa palepale, chini ya dirisha la wodi ya wazazi."

"Nipe hata wiki."

"Kufa ni kufa. Na ule mtungi wa mwisho wenye gesi uumwage kabla lori halijafika. Sitaki mlipuko barabarani."

"Niumwage wapi?"

"Popote, mradi iwe salama."

Shangazi akanipigia simu. "Wewe uliyesomea kemia, hicho cheti utakitazama ukutani mpaka lini? Kwani ni picha ya harusi? Njoo."

Nilikwenda nikiwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo. Tumelelewa na neno moja: subirini mtaalamu. Kitu kikiharibika tunakifunika turubai, tunasubiri, na mtaalamu asipokuja tunamwita mtu wa chuma chakavu. Kisha tunaambiwa hatujui kutunza vitu.

Nilimweleza shangazi kwamba unga haukufa wote. Kila chembe imevaa ngozi ya kutu. Tukiinyonya hewa yote, tukaupasha unga joto, kisha tukausukumia hidrojeni safi na kuitoa, tena na tena, chembe zitavimba na kupasuka, nyuso safi zifunguke. "Unga unaweza kukubali, unaweza kukataa," nikasema.

"Hata posa huwa hivyo, na watu hawaachi kuposa."

Pampu ya kunyonya hewa tuliazima kwa fundi wa mafriji, jirani yake wa zamani gereji. Aliikabidhi kama anayeozesha binti. "Dada, ukiniharibia hii nitakula wapi?"

"Kwangu. Ila utaosha vyombo."

Maji ya moto tulichota kwenye boila la dobi wa hospitali. Bubu alikaa katika banda lisilo na kuta, gesi ikivuja ipande zake juu. Tulimnyonya hewa Jumamosi nzima, na geji ilipotulia, nikaona mkono wa shangazi ukinyooka tena kuelekea mpira wa kompresa, apulize kutafuta mvujo. Aliuona mwenyewe. Akauchapa kwa mkono wa pili.

"Huu nao," akasema, "mpaka uzikwe ndipo utasikia."

Tukafungua gesi ya mtungi wa mwisho. Bubu hakunywa. Tukaitoa, tukapasha, tukarudia. Hakunywa. Jumapili ikapita hivyo. Jumatatu asubuhi lori likaingia getini, na mganga mkuu akaja akitembea mbele yake.

"Mama, nilisema uimwage gesi."

"Naimwaga, Daktari."

"Wapi?"

"Ulisema popote. Naimwaga humu."

Dereva wa lori alicheka, akajifanya anakohoa. Mganga mkuu hakucheka. "Toka hapo, wapakie."

"Sitoki." Alikuwa ameketi juu ya ndoo, mgongo umemwegemea Bubu. "Wifi yangu alishonwa kwa tochi, na huyu unayemwona hapa ndiye aliyekuwa tumboni. Ukitaka kelele chini ya dirisha lile, unipakie na mimi. Niuze kwa kilo."

Nikasema mtungini bado kuna gesi ya kujaribu mara moja. Mganga mkuu alitazama madirisha ya wodi, akapumua kwa nguvu. "Mara moja."

Nikafungulia maji baridi, kisha nikayafunga, nikageuza valvu. Sindano ya geji ikasimama. Halafu ikaanza kushuka, polepole, kama mtu anayekaa chini bila kutaka aonekane amechoka.

"Shika," shangazi akasema.

Mganga mkuu akaweka kiganja juu ya bomba kama anavyopima homa ya mtoto. Maji yalikuwa yamelipoza sasa hivi, lakini lilikuwa linapata joto. Unga hutoa joto ukinywa, na sasa ulikuwa unakunywa. Tulipomwaga maji ya moto, sindano ilipanda ikapita pale ilipoanzia.

Sikumficha. "Hajarudi kamili, Daktari. Labda robo tatu."

"Robo tatu," akarudia.

"Ulipougua typhoid ukarudi kazini," shangazi akauliza, "ulirudi kamili?"

Mganga mkuu aliuacha mkono wake pale kwa muda. Kisha akamwambia dereva hakuna mzigo.

"Nimekuja bure?" dereva akalalamika.

"Bure hapana," shangazi akasema. Akainuka, akauchomoa mpira wa kompresa ukutani, akaukata vipande kwa kisu, akautupa ndani ya lori. Kompresa yenyewe, aliyohama nayo kutoka gereji, tukaipandisha watu wanne.