Kidevu Nilichokinyoosha kwa Kompyuta

Picha ya paspoti haitaki ubunifu. Uso ukae katikati, masikio yote mawili yaonekane, macho yawe kwenye mstari mmoja. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kuharibu karatasi nyingi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia nimefuzu, bado sijiamini. Kila uso unaoingia katika studio yangu ndogo karibu na soko la Machakos naupitishia mistari miwili kwenye kompyuta, mmoja wa kusimama na mwingine wa kulala. Kisha nasogeza. Sikio lililoshuka nalipandisha, bega lililoanguka naliinua. Mteja akiuliza mbona picha imechelewa, namwambia printa imepata moto. Si kweli. Ni mimi ninayehangaika na milimita ambayo yeye hataiona.

Uso niliousogeza kuliko nyuso zote ni wa binti yangu.

Ana miaka minane. Ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake. Kwa hiyo ana jina la mama yangu, na mimi mwenyewe humwita "mama" tangu akiwa mchanga. Mama yangu, ambaye analima kule Kalama, ana kidevu kilichoegemea kushoto. Binti yangu alipofika miaka minne hivi, chake nacho kikaanza kuelekea huko huko. Jamaa walifurahi sana. "Jina limekuja na sura yake," shangazi yangu alitangaza kwenye harusi moja, watu wakacheka, na mama akamvuta mtoto mapajani kama mtu aliyeshinda kesi.

Baada ya hapo, nani angesema uso ule una shida? Kusema hivyo juu ya mtoto ni kusema juu ya mama yangu, naye amekaa hapo anasikia.

Sikusema. Nilirekebisha. Picha za shule, za Krismasi, za siku ya kuzaliwa, katika zote nilikivuta kidevu mpaka kikakaa kwenye mstari. Nikishahifadhi iliyonyooka, niliifuta ile ya mwanzo, maana siwezi kulala nikijua kuna kazi mbovu kwenye kompyuta yangu. Nikimpiga picha kwa simu, nilimwambia ageuke kidogo. Halafu mwaka huu, siku moja, kabla hata sijainua kamera, aligeuka mwenyewe na kuuliza, "Baba, huu ndio upande mzuri?"

Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba kuna upande mbaya.

Jioni hiyo nilimpa hindi la kuchemsha nikamtazama akila. Alitafunia upande mmoja tu, mpaka gunzi likabaki tupu. Nikamwomba apanue mdomo. Kidevu kikasimama katikati, sawasawa. Nikamwomba afunge polepole. Meno yalipogusana tu, taya likateleza kwenda kushoto, kama droo iliyotoka kwenye reli yake. Nilimwambia arudie mara tano.

"Baba," akasema, "kwani mimi ni mlango?"

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari wa kupanga meno, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye alimtazama mtoto akiongea kabla hajamgusa.

"Hakuna uso unaolingana pande zote mbili," aliniambia. "Hata wako, baba, jicho moja liko chini kidogo."

Nilijua. La kulia. Picha yangu ya kitambulisho hunisumbua mpaka leo.

"Hiyo ni kawaida, haina haja ya daktari. Lakini taya la huyu linahama. Kaakaa lake ni jembamba. Akiuma, magego ya juu na ya chini yanagongana vibaya, kwa hiyo taya linatafuta njia kando. Ona huku kushoto, magego ya juu yameingia ndani ya yale ya chini. Kwa bahati nzuri bado anakua. Kaakaa likipanuliwa sasa, kuna nafasi kubwa taya likarudi katikati. Likiachwa miaka mingi, mfupa wenyewe unaweza kukua umepinda, na hapo kazi inakuwa ngumu."

Nikamuuliza mzazi asiyejua mambo haya angetambua vipi. Alinijibu huku akivua glavu. Mtoto aletwe ikiwa kidevu kinahama anapouma, au meno ya katikati ya juu na ya chini hayakutani, au anakwepa kutafunia upande mmoja. Aletwe pia akiumia taya, akianguka na kupiga kidevu, au tofauti ikizidi kuongezeka. Hata asipokuwa na dalili yoyote, akifika miaka saba hivi ni vizuri meno na taya vikaguliwe. "Na uso ukilegea ghafla upande mmoja," akaongeza, "hiyo si kazi yangu. Ni hospitali, saa hiyo hiyo."

Kisha akasema, "Sasa niletee picha zake za zamani. Nataka kujua kama kidevu kimekaa hapo hapo au kinazidi kwenda. Kama kinazidi, huenda mfupa wa upande mmoja unakua kuliko mwingine, na hiyo ni shida nyingine yenye matibabu mengine. Wewe si mpiga picha? Kwako hiyo ni rahisi."

Nilirudi studio nikafungua faili zake. Miaka minne, mitano, sita, saba. Kidevu kimoja, kwenye mstari, katika kila picha. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na haikuwa na faida yoyote kwa mtoto wangu.

Ndipo nikakumbuka ukuta wa mama. Miaka mitatu iliyopita nilimpelekea picha ya mjukuu wake akiwa na sare ya shule. Aliitazama akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mjukuu wake, jina lake. "Hapana. Huyu umemfanya mtu wa televisheni. Niletee yule wa kweli." Nilikasirika, nikamchapishia ile isiyoguswa, iliyokuwa bado kwenye kamera, kisha nikaifuta humo; yeye akaitundika ukutani.

Jumamosi tulienda Kalama. Mama alikuwa anapukuchua mbaazi, binti yangu akakaa karibu naye akaanza kumsaidia. Nilikuwa nimejiandalia hotuba yenye adabu nyingi. Alinikatiza kabla sijafika katikati.

"Unasema jina yangu iko na ugonjwa?"

"Si ugonjwa, mama. Ni taya."

Mikono yake iliendelea na mbaazi. Halafu akagusa shavu lake. "Mimi sikuzaliwa hivi. Nikiwa kama huyu, gego la kulia liliniuma muda mrefu. Nikazoea kula na huku. Hata lilipong'oka, bado nilikuwa nakula na huku. Nani alikuwa na wakati ya kuangalia mtoto akitafuna?"

"Na mbona hukutuambia? Watu wote wanasema ni sura ya jina."

"Walikuwa wamefurahi," alisema. "Na mimi nilikuwa nimefurahi."

Binti yangu akaacha mbaazi, akamgeukia bibi yake. "Susu, fungua mdomo. Funga. Fungua tena." Akamchunguza kwa makini kama yule daktari. "Chako hakirudi katikati."

"Chako kitarudi," mama akamjibu, akacheka mpaka mbaazi zikamwagika. Nilipomwambia kwamba daktari anaihitaji ile picha, aliinuka mwenyewe, akaitoa kwenye msumari, akanikabidhi. "Usiiguse na hiyo mashine yako. Na uirudishe."

Daktari aliiweka karibu na uso wa mtoto, akapima, akapima tena. Kidevu kilikuwa kimehama kiasi kile kile. Hakikuwa kimeongezeka, na eksrei aliyoagiza ikaonyesha hivyo hivyo: mifupa ya pande zote mbili inalingana, taya linateleza tu.

Sasa binti yangu amefungiwa kifaa kwenye kaakaa, chenye skrubu ndogo katikati. Kila jioni naingiza kifunguo chembamba nazungusha robo ya mzunguko, mara moja tu. Nilimuuliza daktari kama nikizungusha mara mbili tutamaliza haraka. Alinitazama kana kwamba ananifahamu tangu zamani. "Robo moja, baba. Halafu uweke kifunguo chini."

Nakiweka chini. Kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo sehemu ngumu.

Picha nimeirudisha kwenye msumari wake. Kila mwisho wa mwezi nampiga binti yangu picha nyingine ya kupeleka kwa daktari. Ya kwanza tuliipiga juzi.

"Nigeuke wapi?" aliuliza.

"Usigeuke, mama. Nitazame mimi."

Kidevu kilikuwa kushoto. Niliihifadhi hivyo hivyo.