Pua ya Don Eliseo na Mifuko Mitatu ya Hopsi

Baba mkwe wangu, don Eliseo Oyarzo, alifanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye kiwanda cha kupasua mbao hapa mjini Valdivia, na anasema macho hayakumsaidia hata siku moja. Kazi yote ilifanywa na pua. Wenzake walikuwa wakimfunga kitambaa usoni na kumpitishia kipande cha ubao, naye anautaja mti, na siku akiwa na furaha anataja hata upande wa kilima ulikoota. Hilo la kilima mimi siliamini, ila sijawahi kumwambia.

Alipostaafu, pua ikakosa kazi, na sisi wa nyumbani tukapata taabu. Ananusa maziwa kabla sijayamimina. Ananusa soksi za mume wangu akirudi kutoka zamu kwenye mabwawa ya samaki. Anatoka nje, ananusa hewa, anarudi kuniambia nianue nguo kwa kuwa mvua inakuja, wakati Valdivia hata mtu mwenye mafua anajua kwamba mvua inakuja. Kilichotuokoa ni bia. Jirani yetu don Wilibaldo Kramm, mwalimu mstaafu, alimfundisha kuipika nyumbani, na tangu siku hiyo pua imetulia. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wapika bia wa mtaa wetu hukutana jikoni kwetu, na hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu yake, haziingii kwenye sufuria ya mtu yeyote mpaka don Eliseo azisugue viganjani na kutoa hukumu.

Siku ya hukumu nyumba nzima inakuwa kama kanisa. Tangu asubuhi hakuna kitunguu saumu, hakuna kukaanga, sabuni ya kunukia inafungiwa kabatini. Tunakula viazi vya kuchemsha na chumvi. Na mikono ya don Eliseo lazima iwe na joto, maana anasema hopsi kwenye mkono baridi hazisemi kitu. Shida ni kuipasha. Maji ya moto yanaondoa mafuta ya ngozi. Jiko la kuni linaacha moshi. Alihangaika majira mazima ya baridi, mpaka akamgundua binti yangu.

Rayén alikuwa na miezi mitano, mnene kama mkate uliotoka kuumuka. Don Eliseo anampakata, anaingiza mkono mmoja chini ya kidevu chake na mwingine kwapani, anakaa hivyo robo saa. Mtoto anacheka, mikono inapata joto.

"Mtoto mchanga hana harufu," aliwaambia wenzake. "Ni kama maji."

Wanaume wale wana watoto saba wakiwajumlisha, na wote waliitikia kwa vichwa. Mimi ninayemwogesha nilinyamaza. Mara mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwogesha.

Jumamosi ninayoisema, Rayén alikuwa na kikohozi na nilikuwa sijamtia majini siku mbili. Tena alikuwa ametoka kunyonya na kucheua. Nilimpangusa kwa juu. Lakini shingo yake ina mikunjo mitatu, na anayemjua mtoto mnene anajua maziwa yanaelekea wapi.

Siku hiyo aliyekuwa kwenye mizani ni doña Rosalba Mansilla. Ni mjane, anashona sare za shule, na ndiye mwanamke pekee katika kundi. Kununua hopsi za kundi ilikuwa kazi ya don Wilibaldo miaka yote, naye alinunua ghali na kujisifu kwa ughali huo. Doña Rosalba alikuwa amesema anaweza kupata za ng'ambo kwa bei ndogo. Wakakubaliana alete mifuko mitatu ya kuonja. Ikipita, yeye ndiye mnunuzi wa kundi mwaka huu. Isipopita, arudi kwenye cherehani yake na asilitaje neno hopsi tena. Alikuja amevaa koti la Jumapili.

"Zimetoka wapi?" aliuliza don Wilibaldo, kipande cha keki ya tufaha mkononi.

"Polandi. Mavuno ya mwaka juzi, sikufichi."

"Na bei?"

Akaitaja. Don Wilibaldo akacheka mpaka makombo yakaruka mezani.

"Kwa bei hiyo, mama, hata majani ya chai ya jana hupati!"

"Ndiyo maana mimi nanunua na wewe unacheka."

Ndugu wawili wa Barría, ambao hupika bia pamoja na huongea kwa zamu, waliguna ndani ya vikombe vyao.

Don Eliseo alimtoa Rayén mapajani, akanipa. Akafungua mfuko wa kwanza, akachukua maua machache, akasugua. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliona unga wa manjano umejaa viganjani, manjano ya kweli, na unanata. Hopsi zilizozeeka unga wake huwa rangi ya kutu, hilo hata mimi nimeshalijua kwa kupanguza meza ile. Akaziba uso kwa mikono, akavuta pumzi.

Mvua tu juu ya mabati.

"Jibini," alisema.

"Jibini gani?" doña Rosalba akauliza.

"Jibini iliyosahauliwa."

Kwa wapika bia hakuna neno baya kuliko hilo. Hopsi zikinuka jibini ni za kutupa. Na utaratibu wa kundi ni kwamba anasugua mmoja, wengine wananusa kwenye viganja vyake. Don Wilibaldo akainama kama anayebusu mkono wa askofu.

"Jibini," akasema, na sikumwona akijitahidi kuficha furaha.

"Jibini," akasema Barría mkubwa.

"Ya mbuzi," akamalizia mdogo.

Mfuko wa pili, jibini. Alipofika wa tatu don Eliseo alikuwa anatingisha kichwa kabla hajasugua. Jibini zaidi. Doña Rosalba alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti lake, polepole, kuanzia chini. Hakubishana. Hilo ndilo lililoniuma.

Mimi mfuko wa kwanza ulikuwa mbele yangu, wazi. Niliinamisha uso nikijifanya namfunga Rayén kofia. Ndani mlinukia ganda la chungwa na majani mabichi yaliyokatwa baada ya mvua. Kisha nikainamisha uso tena, safari hii kwenye shingo ya mwanangu.

Sasa nifanyeje? Kumwambia baba mkwe wako, mbele ya wenzake, kwamba amenusa matapishi mara tatu na kuyatolea hukumu! Nilitazama vifungo vya doña Rosalba. Vilibaki viwili.

"Don Eliseo," nikasema, "niwie radhi. Hebu mnuse mtoto."

"Mtoto hana harufu, mwanangu."

"Hapa, chini ya kidevu. Funua mkunjo wa pili."

Akafunua. Akanusa. Nimeishi naye miaka mitatu na sijawahi kuona masikio yake yakiwa mekundu namna ile. Alisogea pembeni, na mmoja baada ya mwingine wakapanga foleni mbele ya binti yangu. Rayén alidhani ni mchezo, akamshika don Wilibaldo masharubu.

"Mungu wangu," alisema don Wilibaldo. "Hii ni ya mavuno ya lini?"

"Ya leo saa sita," nikamjibu.

Barría mdogo ilibidi atoke nje kucheka.

Don Eliseo alinawa kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, mafuta ya ngozi yakaenda zake. Akaisukuma mifuko upande wa pili wa meza.

"Sugua wewe, doña Rosalba. Pua yangu leo iko likizo."

Doña Rosalba alifikicha mikono yake ya ushonaji mpaka ikapata joto, akasugua za mfuko wa kwanza na kuwapitishia wote.

"Chungwa," akasema Barría mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Kwenye wa tatu doña Rosalba alinusa, akanusa tena, akageuza mfuko na kuukagua kwenye mwanga wa dirisha. Angeweza kunyamaza. Wakati ule hakuna mwanaume katika jiko lile ambaye angethubutu kutaja jibini.

"Huu ni mbovu," akasema. "Tazameni pembeni, una kitundu. Hewa imeingia. Huu msinunue."

Don Wilibaldo aliuchukua, akaunusa, akamtazama doña Rosalba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi nisingesema," akakiri.

"Najua," akajibu yeye, na akafungua vifungo vya koti, kisha akakata keki.

Walimwagiza mifuko kumi na miwili hapo hapo. Jioni, wote walipokwisha kwenda, don Eliseo alikuja nilipokuwa namwogesha Rayén, akanishikia taulo.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilishuku tangu mfuko wa kwanza, nilipoona ule unga wa manjano."

"Na ukanyamaza mpaka wa tatu?"

"Nilikuwa nangoja ugundue mwenyewe."

Akamfunika Rayén kwa taulo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nina miaka sabini na moja. Usiwe unangoja."