Njiwa Waliorudi Muleba

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, tukikaa Kibeta, mjomba wangu wa Muleba aliponiletea njiwa wawili ndani ya tenga. Alikuwa anahamia Mwanza na hakutaka kumwachia baba yake mzee kazi ya kuwatunza. Baba akawapigilia kibanda cha mbao ukutani, mimi nikawa nawawekea mtama na maji kabla ya kwenda shule.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa barazani akimenya ndizi.

"Njiwa hawakai kwenye nyumba ya ugomvi," akasema. "Ukiona wamehama, ujue yupo mtu atakayewafuata."

Baba alicheka. Mimi sikucheka. Mama alitaka kwenda kusomea uuguzi, na Baba alikuwa hataki kusikia. Nikiingia chumbani walikatisha ugomvi wao.

Jumamosi moja nilitoka na mtama wangu nikakuta kibanda kitupu. Nilizunguka kibanja kizima nikiwaita, macho juu ya migomba na mibuni. Niliporudi ndani, Mama alikuwa anafunga begi. Akasema anakwenda kwao Muleba. Nikamng'ang'ania gauni.

"Mama, usiwafuate!"

Hakunielewa. Alinishika kichwa, akaondoka. Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Bibi alimtazama Baba tu, naye Baba akatazama pembeni.

Jioni simu ya Baba ikaita. Alikuwa Mama.

"Njiwa wako huku," nilimsikia akisema. "Wametua juu ya paa la nyumbani. Mwambie mtoto asilie."

Kesho yake, baada ya ibada, Baba aliniambia nisivue viatu, nichukue tenga, tunakwenda Muleba. Babu, baba yake Mama, alitupokea akicheka.

"Mliwafungulia mapema, mkwe wangu," alimwambia Baba. "Njiwa mkubwa hurudi alikolelewa. Unamfungia kwanza, unamlisha, unamsafishia, mpaka apaone pale kuwa ni kwao."

Baba aliitikia taratibu, kisha akaomba kuzungumza na Mama nje. Niliwachungulia dirishani. Mwanzoni Mama alikuwa amekunja mikono, baadaye akaikunjua. Alipoingia alisema tu, "Lete tenga, twende nyumbani."

Nikalikimbilia tenga.

Safari hii tuliwafungia njiwa mpaka wakazoea, nikawabadilishia majani yao ya kulalia kila wiki, na wakaangua vifaranga palepale Kibeta. Mama naye akaenda chuo.

Watu wakiniuliza leo kama naamini mambo ya njiwa, huwa nasita. Najua walirudi kwao, basi. Lakini Bibi alifuga njiwa tangu usichana wake. Hakukosa kujua kwamba wangeondoka. Nadhani maneno yale ya barazani hayakunilenga mimi. Alikuwa anamwonya mwanawe, kwa njia ambayo mama mkwe anaweza kusema bila kuonekana anaingilia ndoa ya watu. Nashukuru Baba alimwelewa, ingawa ilibidi kwanza afike Muleba.