Karani Hemedy Alivyolipima Shangingi

"Mkono huu ukishasema, hausemi mara ya pili." Hemedy aliyatamka hayo mwaka 1998, mbele ya umati kwenye ghala la korosho Ruangwa, pale mkulima mmoja, Kasmiri, alipomlilia aupime upya mzigo wake ulioangukia daraja la pili. Hemedy alikuwa karani wa ubora. Aliingiza mkono guniani mpaka kwapani, akapapasa chini kutafuta mchanga na majimaji, maana watu wa kwetu walizimwagia korosho maji ziongeze uzito. Mkono ukitoka, hukumu imetoka. Kasmiri aliondoka na daraja lake la pili, na msemo ukabaki sokoni kama harufu ya dagaa.

Miaka mitano baadaye karani akataka gari. Pikapu ya mizigo aliiona ya washamba. Alitaka shangingi la vioo vyeusi na viti vya ngozi, ambalo likipita watoto wanadhani mkuu wa wilaya kaja. Mkewe Zuhra alitaka nyumba. Zile milioni tano, akiba ya misimu minne, zilikuwa za tofali za nyumba kijijini kwao Mtua, kwa sababu ukuta wa udongo wa chumba cha watoto ulishaanguka mara moja, kwa bahati wakiwa shuleni. Alikubali kwenda Ruangwa kuliona gari kwa sharti moja: gari likionekana bovu, pesa inarudi nyumbani.

Muuzaji alikuwa Saturnini, dereva mstaafu, mtelezi kama sabuni ya kipande. Shangingi lake lilikuwa na miaka kumi na sita, limeoshwa likang'aa, ndani limefukizwa udi kama bibi harusi. Zuhra alishauri waite fundi. Hemedy akamjibu kwamba fundi huitwa na wasiojua kupima. Akagonga mlango akisikiliza, akanusa kiti, kisha akalala chali vumbini na kuingiza mkono chini ya injini mpaka kwapani. Akapapasa weee. Alipoutoa, akawaonyesha watu kiganja: hakuna hata tone.

"Kavu," alisema. "Daraja la kwanza."

Msiba ulizaliwa hapo. Korosho kavu ni korosho njema. Injini ya miaka kumi na sita isiyotoa hata jasho, ama imeoshwa kwa mafuta ya taa asubuhi ileile, ama haina oili ya kuvuja. Hii ilikuwa na yote mawili. Zuhra, aliyeuza chai stendi miaka saba na kuona kila lori likiacha doa lake chini, alimwomba mumewe wachomoe kwanza kijiti cha kupimia oili. Hemedy alishakaa kwenye usukani.

Wakashika barabara ya Nachingwea kulijaribu gari kabla ya kulipa, wote watatu, Saturnini kiti cha nyuma. Kilima cha kwanza, taa nyekundu ikawaka mbele ya dereva; Hemedy akafurahi kwamba hata taa zinafanya kazi. Kilima cha pili injini ikagonga kama mtu anayetwanga kokoto, ikatoa moshi, ikafa. Zuhra alifungua boneti mwenyewe, akachomoa kijiti. Kilikuwa kikavu kama cha kuchokolea meno.

Watu walifika kwa baiskeli kuja kushangaa, Kasmiri akiwa wa kwanza. Pesa yote bado ilikuwa kwenye mkoba wa Zuhra.

"Baba Abdalah," Zuhra alisema taratibu, "sema umekosea. Neno moja tu, turudi nyumbani."

"Samahani, karani," Kasmiri akadakia. "Nilikuwa mbali, sikusikia vizuri. Ulisema daraja la ngapi?"

Hemedy alikitazama kijiti, akawatazama watu. Akanyoosha mkono kuomba mkoba. Zuhra akampa, akidhani wanaondoka. Mumewe akautoa mzigo wote wa noti, akamkabidhi Saturnini.

"La kwanza," alisema.

Saturnini alipokea kwa mikono miwili, mdomo wazi, akasahau kushukuru. Kasmiri hakucheka. Zuhra alikaa chini palepale barabarani, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Trekta lilikokota shangingi mpaka Mtua. Mvua za mwaka 2005 ukuta ukaanguka tena, watoto wakahamia kulala kwenye viti vya ngozi. Mwaka 2007 walifika wanunuzi wa chuma chakavu kutoka Lindi na mizani yao, wakalipima shangingi. Kilo moja, shilingi mia moja na hamsini.