Nyanya Alipofunika Sahani

Kwetu mtu akikasirika habamizi mlango wala hanuni pembeni. Anafunika sahani. Tunaishi familia tisa huku juu ya Embu, pale majani chai yanapoishia na msitu unapoanza, na wazazi wetu walikubaliana kuishi kama wale waumini wa kwanza katika Matendo ya Mitume: shamba moja, ng'ombe wa pamoja, maombi ya pamoja, na chakula cha mchana na cha jioni kwenye meza moja ndani ya ukumbi wetu wa mabati. Chai unaweza kunywa nyumbani kwako. Chakula, hapana. Sasa ukiwa na neno na mwenzako, ukifika mezani unageuza sahani yako kifudifudi na kukaa kimya. Hakuna anayeruhusiwa kukuuliza una nini. Ni sisi wengine tunajiuliza, kila mtu moyoni mwake, mpaka yule aliyekukosea asimame, aje aseme kosa lake, aifunue sahani kwa mkono wake mwenyewe na kukupakulia.

Mimi nimewahi kufunika mara moja tu, kwa sababu ya kitana. Rafiki yangu alikivunja akanyamaza. Nilikaa mbele ya mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi, unaotoa mvuke, tumbo likaanza kunisuta, na alipokuja nilimsamehe kabla hajamaliza kusema. Nafikiri huo ndio ujanja wa desturi yetu. Hasira na njaa hazibebeki pamoja.

Mwaka niliotoka shule, nyanya yangu mzaa mama alikuwa anaishi peke yake Kianjai, na macho yake yalikuwa yanaisha. Alimimina uji wa moto akidhani kikombe kiko chini ya mkono wake, kumbe chini kulikuwa na mguu. Mama alipoona lile jeraha alilia njia nzima akirudi, na tangu siku hiyo kila asubuhi kwenye maombi alikuwa na ombi moja: mama yake akubali kuja kukaa na sisi. Nyanya hakutaka. Sisi alituita wale watu wa sufuria moja. Mwishowe alikubali kuja kuangalia tu, Ijumaa mpaka Jumatatu. Jumatatu ndiyo angesema kama anakaa au anarudi kwa moshi wake.

Jirani yake alimfikisha Makutano pale Meru, mimi nikampokea katikati ya kelele za makondakta. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, sufuria ndogo nyeusi na ndizi mbivu kwenye kiondo. Kigoda hakuniachia nikibebe. Mimi mtu wa kuota mchana, kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshampangia maisha yote: pale ataota jua, hapa kuku wake watataga, jioni atanifundisha kusuka kiondo.

Ijumaa saa kumi na mbili tukaingia ukumbini. Kwa heshima walimpa mgeni nafasi ya katikati, na kwa heshima hiyo hiyo wakamweka baba yangu mbele yake, uso kwa uso, kwa sababu ni mgeni wa kwake. Maombi yakaisha, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikaletwa. Nyanya akainua uso, akaangalia kile kivuli cha mwanamume kilichokuwa mbele yake, akageuza kichwa kando. Halafu akaishika sahani yake, polepole, akaifunika, akaweka mikono mapajani.

Hata watoto walijua.

Nilimwona mama akimwangalia baba, na baba akiangalia githeri yake kama imeandikwa kitu. Hakuna aliyeuliza. Hiyo ndiyo sheria. Na nyanya, ambaye hakuna mtu alikuwa amemweleza habari ya sheria, alikaa pale na adabu zake zote mpaka tukamaliza kula. Nyumbani alikunywa vikombe vitatu vya chai, akala ndizi nne, akalala.

Jumamosi mchana akafunika tena. Dada yetu wa zamu ya jikoni wiki hiyo hakuvumilia. Mezani sisi hutumia Kiswahili kwa sababu tumechanganyika, Wameru, Waembu na Wambeere, lakini Kiswahili cha nyanya kilikuwa cha soko la Kianjai, cha salamu na vipimo vya maharagwe. Kwa hivyo mimi nikawa mkalimani. Dada wa jikoni alikuja akifuta mikono kwa aproni, akasema amekosa. Alipomwona mgeni akishuka na sufuria yake mwenyewe, alisema moyoni huyu anatuona sisi hatuna sufuria, tena wachafu. Nikatafsiri. Nyanya akasikiliza vizuri sana.

"Mwambie ile sufuria ni ya maji ya kukanda mguu," akaniambia. "Lakini nimemsamehe."

Dada akafunua sahani, akapakua githeri mpaka juu, akarudi jikoni na uso mwepesi. Nyanya akangoja ageuke. Akaihamishia githeri kwenye sahani yangu, akaifunika sahani tena.

Hapo ndipo tulipoogopa kabisa. Kumbe kosa si moja.

Jumamosi jioni alikuja ndugu wa ng'ombe, mtu mkubwa mwenye mabega ya mlango, akakiri kwamba ndizi mbili za kwenye kiondo ni yeye alizila wakati anatusaidia mizigo, na kwamba zilikuwa tamu. Nyanya akamsamehe, akamuuliza kwa nini hakuchukua tatu. Akafunuliwa sahani, akaifunika. Halafu akaja mama mmoja ambaye sidhani hata alikuwa amewahi kusalimiana naye. Alianza kuomba msamaha kwa nyanya, katikati akawa analia habari ya mama mkwe wake mwenyewe, aliyefariki kabla hawajapatana. Mimi nilikuwa natafsiri huku nalia pia, sijui nyanya alipata nini katika hayo yote. Alimshika yule mama mkono muda mrefu. Tumbo lake lilinguruma, nililisikia, nikadhani ni huzuni.

Usiku huo hakuna aliyelala vizuri kwetu. Nilisikia wazazi wangu wakinong'ona upande wa pili wa ukuta. Mama alikuwa akisema Jumatatu ni kesho kutwa.

Jumapili baada ya ibada, sahani ikafunikwa kwa mlo wa nne, na sasa ni mzee wetu mwenyewe aliyesimama. Yeye ndiye anatuongoza, na sijawahi kumwona akifunua sahani ya mtu. Alisema amekuwa akiomba kwa siri nyanya asikae, kwa sababu kile chumba alichopangiwa yeye alikitaka kwa mahindi. Nikatafsiri nikiona aibu kwa niaba yake.

Nyanya akacheka kidogo. "Huyu namwelewa. Panya wa huku ni wabaya?"

Lakini akaifunika tena. Na sasa hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki, isipokuwa mmoja.

Baba alisimama. Alizunguka ile meza ndefu, ikachukua muda kama anavuka mto, akaja akapiga magoti karibu na kile kigoda, maana nyanya alikataa viti vyetu. Nyanya alivuta leso akajifunika uso wote. Baba akachukulia kwamba hiyo ndiyo hasira yenyewe, akainama zaidi. Yeye ni mtu wa Mbeere, akaongea lugha ya kwao polepole, na hiyo na ya nyanya zinasikilizana.

"Mama, tulipohama Kianjai sikuja kukuaga," alisema. "Nilijua utakataa, nikaogopa. Nilimchukua mtoto wako wa pekee na mjukuu wako nikaacha barua kwa jirani, na wewe husomi. Nilisikia ulikuja asubuhi hiyo na chakula ukakuta kufuli. Kila siku nikikaa kwa hii meza nakumbuka hicho chakula."

Mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba tuliondoka na baridi na mama hakutaka kugeuka nyuma. Nilimwangalia sasa, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nyanya hakumjibu. Aliongea na mimi, kutoka ndani ya leso.

"Mwambie baba yako hilo nililimaliza siku ile ile. Ule mukimo nilikaa nao njiani nikaula mwenyewe, na ulikuwa mwingi, nikashiba. Mwambie mimi sina hasira. Mimi nina njaa. Siku tatu nasamehe watu na sijakula. Sasa aondoke hapa mbele yangu kwanza, nile."

Nilitafsiri kwa ukumbi wote, neno kwa neno, kwa sababu sikujua kufanya vingine. Halafu mama akaanza kucheka, kicheko cha mtu anayelia, akasema neno moja, "Nthoni," na wazee wote waliokuwa pale wakashika vichwa.

Nthoni ni ile haya ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake. Hawatajani majina. Wakikutana kwa njia nyembamba mmoja anaingia kwa majani. Na hawali mahali pamoja, kamwe. Nyanya alikuwa anamheshimu baba. Siku tatu zote alikuwa anamheshimu, na sahani aliifunika kwa sababu sahani isiyoliwa haiachwi wazi kwa nzi. Kusema ni nini hakuweza, maana hata kuisema mbele ya mkwe ni kuivunja. Mama alisema baadaye kwamba yeye ndiye wa kulaumiwa: amekula na kila mtu miaka mingi mpaka akasahau kwamba kuna watu wasiokula na kila mtu.

Tulicheka sana. Dada wa jikoni alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kicheko kilipoisha, kitu kilikuwa bado mezani, na kila mtu alikiona. Meza yetu ni moja. Mtu mmoja akasema nyanya apelekewe chakula nyumbani. Mzee wetu alitikisa kichwa, si kwa ukali. Alikumbusha kwamba familia ya mwisho iliyoanza kula kwake ilianza kwa sababu nzuri kabisa, ya mtoto mgonjwa, na kabla ya mavuno hatukuwa nao tena. Mwingine akasema basi nyanya aokoke na mila. Mama akamjibu kwamba mama yake aliokoka kabla yeye hajazaliwa, akaimba kwaya miaka yote, na huyo anayesema amewahi kuimba kwaya gani. Nilitafsiri baadhi, nyingine nikaacha.

Nyanya aliniomba nimweleze vizuri wanabishania nini. Nilimweleza. Akafikiri, akasema wasigombane. Wao ni watu wazuri, hajapata kuona watu wanaoomba msamaha kwa ndizi. Hatakuja kuvunja meza ya watu uzeeni. Kesho asubuhi nimsindikize Makutano.

Mama alianza kukusanya makombo mezani kwa kiganja, makombo ambayo hayakuwepo.

Baba alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni, mbali, kama alivyoambiwa. Kutoka pale aliuliza, na sauti yake haikuwa kubwa, wale wa zamu ya jikoni hula saa ngapi. Mzee akasema anajua vizuri: wanapakua, wengine wakimaliza, wao wanakula mwisho, huko huko jikoni. Na wakila huko jikoni, baba akauliza, wamevunja meza?

Mzee akasema hapana. Wale ndio wanaoishikilia.

"Basi niandikeni jikoni," baba akasema.

Mzee alimkumbusha kwamba zamu ni wiki moja. Baba akasema yeye anaomba ile isiyoisha.

Dada wa jikoni alivua aproni, akaenda akamvisha. Ilikuwa fupi, ilimfika kiunoni tu. Ndugu wa ng'ombe alisema sasa tutakufa sote, na watu wakacheka, lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilipiga magoti kwa nyanya nikamwambia mkwe wake ameomba nini. Leso ilishuka kidogo.

"Anajua kupika?"

Mama akajibu kutoka pale alipoinama kwamba hajui hata kidogo.

"Atajifunza," nyanya akasema. "Ya leo haina chumvi, nimeinusa."

Hakusema anakaa. Jumatatu ilipofika aliniuliza jua huwa linaanza upande gani wa nyumba, akahamishia kigoda huko, na mzee akapeleka mahindi yake kwingine.

Ni miaka minne sasa. Baba anapika githeri ambayo watu wanaisifu bila kulazimishwa, ingawa ugali wake bado una mabonge. Anapakua ile sahani ya nyanya nyuma ya ukuta wa mbao, ananipa dirishani, mimi naipeleka. Macho ya nyanya yameisha kabisa, ananitambua kwa hatua. Anakula polepole, mama akiwa ubavuni mwake, na kila mara sahani ikifika nusu ananigusa mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini kama yule wa jikoni amewekewa chake au amewapa watu wote. Namwambia amejiwekea. Wakati mwingine si kweli, kwa hivyo narudi dirishani kumwambia baba aweke sasa hivi, kwa sababu nimeshasema.